Gari la Baba Limefika Nusu: Niliuze Lilivyo au Nilimalize Kwanza?

BARUA

Mzee, salamu nyingi kutoka Walukuba, Jinja.

Barua hii nimeifuta mara mbili, kwa sababu kila nikianza naishia kuwatukana ndugu zangu, na sitaki. Nitajaribu kueleza tu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 46, nina watoto watatu. Baba yetu alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha nguo hapa mjini. Mwaka 1971 alinunua gari kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao: Triumph Herald 13/60 la mwaka 1968, lile la kukunja paa. Halina bati juu. Lina turubai iliyovikwa kwenye mbavu za chuma, unalifungua pale juu ya kioo cha mbele na kulilaza nyuma. Kitabu cha gari kipo, jina la baba limeandikwa humo kwa wino wa bluu.

Tumelelewa na hadithi za gari hili. Wakati wa Amin, askari walipokuwa wakitwaa magari ya watu barabarani na majumbani, baba alikuwa kila jioni anafungua kifuniko cha distribyuta, anatoa rota, anaificha ndani ya kopo la sukari. Kopo lenyewe lilikuwa tupu, maana sukari ilikuwa ya magendo tu, ingawa kiwanda cha sukari cha Kakira kiko hapo jirani. Bila rota injini haiwaki. Mara mbili walikuja, wakapiga stata mpaka betri ikafa, wakaondoka. Ndivyo lilivyopona. Mwishoni mwa miaka ya 1980 klachi iliisha, spea hazikupatikana, akaliegesha kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ambayo mama anaishi hadi leo. Kuku wakataga kwenye viti vya nyuma. Baba alifariki mwaka 2016 bila wosia, gari likiwa pale pale.

Mwaka 2018 nikaamua kulifufua. Kaka yangu mkubwa, aliye Kampala, aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp la familia: “Mwuzie mtu wa chuma chakavu, atakupa laki nane, usijitese.” Ujumbe huo bado ninao. Hakuna aliyechangia hata shilingi. Mimi na fundi mmoja wa hapa tumelifanya kidogo kidogo kila mshahara ulipobakia. Injini ilifunguliwa yote, ikapelekwa Kampala kuchongwa, ikawekwa pistoni mpya. Klachi mpya. Ile mikono ya chesisi inayobeba sakafu ilikuwa imeoza kama biskuti iliyoloa, tukaikata na kuchomelea mipya. Bodi imesuguliwa hadi chuma na kupakwa praima ya kijivu. Limebaki wayaringi, breki, viti, paa na rangi. Mpaka sasa nimetumia shilingi 11,400,000. Risiti ninazo nyingi, si zote.

Sasa kijana wangu amepata nafasi chuo kikuu, ya kujilipia. Nimeamua kuliuza. Siku niliyotangaza hilo kwenye kundi, kaka aliyenicheka akajibu ndani ya dakika tano: “Gari ni la baba. Tutagawana kwa nne.” Kaka wa pili aliye Arua akaunga mkono. Mdogo wangu wa Mbale ananionea huruma lakini anaogopa kusema.

Wanunuzi ni hawa. Mmoja anakodisha magari ya harusi Kampala. Ameona picha tu, anatoa 9,000,000 na anataka kulichukua Jumamosi. Wa pili hakuliangalia hata gari, anasema atanipa 3,000,000 kwa kitabu na namba peke yake, gari nibaki nalo. Shemeji yangu ana rafiki Kisumu naye anauliza. Na fundi wangu anasema nisiuze kabisa: nitafute 7,000,000 nyingine, tulipige rangi nyekundu, tulishonee paa, litauzwa 25,000,000.

Mzee, nifanye lipi? Na hao ndugu zangu wana haki gani juu ya jasho langu?

Binti wa Mtunza Stoo

JIBU

Binti yangu,

Umenieleza pistoni, klachi, praima na mbavu za paa. Umenieleza kila ndugu anasema nini na yuko mji gani. Mama yako umemtaja mara moja tu, kuonyesha kibanda kiko wapi. Ninaanza na yeye, kwa sababu katika barua nzima ni mtu pekee ambaye hakuna aliyemwuliza, wala wewe, wala kaka yako wa “kwa nne”.

Baba yenu alifariki bila wosia, na jina lake bado liko kwenye kitabu. Kisheria gari hilo leo si lako, na si la ninyi wanne. Ni mali ya marehemu. Mjane ana fungu lake peke yake, tofauti na fungu la watoto. Marekebisho ya Sheria ya Urithi ya mwaka 2022 yaliliongeza kutoka asilimia 15 hadi 20. Kwa kuwa baba yenu alifariki 2016, mwulizeni wakili hesabu ipi inawahusu ninyi. Lakini kwa hesabu yoyote ile, watoto wanagawana asilimia 75, wa kike na wa kiume sawa, na “kwa nne” ya kaka yako haipo mahali popote katika sheria.

Kuna linalofuata hapo. Hakuna kati yenu anayeweza kusaini karatasi za mauzo sasa hivi. Nendeni kwanza ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi mkapate cheti cha kutokuwa na pingamizi, kisha mwombe mahakamani barua za usimamizi. Mtahitaji cheti cha kifo kutoka NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kikao cha ukoo kilichoandikwa na kusainiwa. Ombi likishapelekwa hutangazwa, na watu wana siku 14 za kuweka pingamizi. Kuuza mali ya marehemu bila barua hizo ni kosa, na mnunuzi mwenye akili ataziulizia kabla hujataja bei. Kwa hiyo yule wa Jumamosi mwambie ukweli: Jumamosi haiwezekani. Kama analitaka atasubiri. Asiposubiri, amekuonyesha kwamba karatasi hazikumjalisha, na mtu wa aina hiyo atakurudia baadaye na matatizo ambayo hujayaomba.

Mwombeni mama awe msimamizi pamoja na wewe. Kaka yako hatakuwa na la kusema mbele ya mama, na wewe hutaonekana umenyakua.

Sasa jasho lako. Hapa nasimama upande wako, lakini si kwa njia unayotarajia. Najua unataka kusema: nirudishiwe kwanza milioni 11 na laki nne, kitakachobaki tugawane. Ukipeleka hesabu hiyo kwenye kikao mtagombana mpaka mazishi yajayo, kwa sababu ofa uliyo nayo ni milioni 9. Wataona umekula gari lote na bado unawadai. Na wewe unajua, hata kama inauma, kwamba fedha inayoingia kwenye gari la zamani hairudi yote. Nimefanya biashara ya spea kwa miaka mingi, na sijaona mtu aliyelifufua gari kama hilo akauza akarudishiwa kila alichotoa. Wanaopata faida ni wale walionunua kazi ya mwingine.

Ifanye hivi. Kaka yako mwenyewe alitaja bei ya gari kabla hujaligusa: laki nane. Usimtupie ujumbe ule usoni, ingawa najua unatamani. Uweke tu mezani kama kumbukumbu, kisha useme wewe mwenyewe kwamba laki nane ni ndogo, maana Herald zima lenye kitabu, hata likiwa bovu, lina thamani kuliko kilo zake za chuma. Sema milioni 2. Hiyo ndiyo mali aliyoacha baba, nayo igawanywe kisheria, fungu la mama likitoka pamoja na la watoto. Kila shilingi juu ya hapo ni yako, faida ikiwa yako na hasara ikiwa yako. Likiuzwa milioni 14, mirathi inapata 2 na wewe 12, umerudisha fedha yako na malipo kidogo ya kazi ya miaka yote hiyo. Likiuzwa milioni 11, wewe unabaki na 9, na zile mbili na ushee zimekwenda. Zikubali.

Mahakama haitakupa mgawanyo huo kwa kuwa tu wewe ndiye uliyefanya kazi. Lazima wote wakubali, mama na ndugu watatu, kwa maandishi, kabla gari halijauzwa. Baada ya fedha kuonekana hakuna atakayekumbuka kuku kwenye viti. Mpigie kwanza mdogo wako wa Mbale, umwombe asaini wa kwanza baada ya mama. Anaogopa kuanza, haogopi kufuata.

Nije kwa fundi. Simsemi vibaya, aliyechomelea mikono ya chesisi ya Herald bila kuharibu milango anaijua kazi. Lakini ushauri wake ni wa mtu anayetaka kazi yake ifike mwisho, na anataka hivyo kwa moyo safi. Ada ya chuo haisubiri rangi nyekundu. Ile milioni 7 ni makadirio, na wewe umeishi na makadirio ya gari hili tangu 2018, unajua yanavyokua. Ile milioni 25 haina mtu aliyeitamka isipokuwa yeye. Hata Uingereza lilikotengenezwa, Herald halikuwa gari la matajiri wala halijawa. Lile zuri lililokamilika huuzwa kwa paundi elfu kadhaa. Usimalize. Uza lilivyo.

Na tafadhali, usilipake rangi. Narudia kwa sababu kila mtu atakushauri ulipake “hata koti moja tu lipendeze”. Anayenunua gari la zamani lililong'aa anajiuliza chini ya rangi kuna nini. Atakuja na sumaku iliyofungwa kitambaa, ataipitisha kwenye mafenda na chini ya milango, na pale isiposhika atajua ni puti ya kuzibia mashimo, si chuma. Gari lako liko kwenye praima, hali ya chuma inaonekana. Huo ni utajiri wa kuonyesha, na ukilipaka rangi ya haraka umeufunika. Mficha uchi hazai: hata pale palipobaki na kutu, mwonyeshe wewe kabla hajapaona.

Nenda sasa kibandani na sarafu ya shilingi 500. Funga mlango wa dereva, uipitishe sarafu kwenye ule mwanya kati ya mlango na bodi, kuanzia chini hadi juu. Gari la kukunja paa halina bati la juu la kulishikilia, kwa hiyo chesisi ikilegea katikati, au ikichomelewa bodi ikiwa haijategemezwa, mwanya wa juu hubana na wa chini hupanuka. Kama sarafu inapita sawasawa pande zote mbili, fundi wako alifanya kazi ya maana kweli. Piga picha sarafu ikiwa kwenye mwanya, juu na chini. Kwa mnunuzi anayejua, picha hiyo ina uzito kuliko rangi yote ya Kampala. Kama haipiti sawa, usikate tamaa wala usifiche; shusha bei na useme kwa nini.

Kisha fungua boneti. Kwenye Herald boneti huinuka yote pamoja na mafenda, ikilalia mbele, na injini inabaki wazi kama sufuria mezani. Tafuta kibati chenye namba ya gari kwenye ukuta kati ya injini na dereva. Kama yote ni sawa, namba ya 13/60 itaanza na GE na itaishia na herufi CV. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazosema gari lilizaliwa la kukunja paa. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu paa la Herald la kawaida limefungwa kwa bolti, na watu wengi duniani wamefungua bolti, wakatupa bati, wakavisha turubai, wakauza kama la asili. Mnunuzi anayejua ataanzia hapo. Kisafishe kibati hicho kwa mafuta ya taa na kitambaa, usikikwaruze, ukipige picha, na uhakikishe namba yake ni ile ile iliyo kwenye kitabu cha baba. Ukitaka kwenda mbali zaidi, jumba la makumbusho la British Motor Museum kule Gaydon, Uingereza, hutunza kumbukumbu za viwanda vya zamani vya huko, Triumph akiwemo, na kwa ada hutoa cheti cha namna gari lilivyotoka kiwandani. Si lazima. Mkusanyaji magari atakipenda. Mtu wa harusi hatakiuliza.

Yule wa kitabu na namba, mfukuze. Nimekasirika kusoma hapo. Mtu anayelipa milioni 3 kwa karatasi bila kuliangalia gari ana gari jingine mahali, lisilo na karatasi, na anataka kulivisha jina la baba yako. Siku likikamatwa, jina litakalosomwa kituo cha polisi ni la marehemu, na mlango utakaogongwa ni wa mama. Na gari lako bila kitabu linageuka chuma cha laki nane kweli. Usimpe nakala, usimpigie picha ya kitabu, na kwenye matangazo yako funika namba.

Wa Kisumu mwulize swali moja tu kabla hajapanda basi: atalisajilije kwao? Kenya haipokei magari ya mitumba yaliyopita miaka 8. Akiwa na jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka zao, zungumza naye. Akisema “tutaona mpakani”, mwache.

Kwetu sisi sheria inakusaidia. Tangu marekebisho ya mwaka 2018, gari lililotimiza miaka 15 haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Maana yake anayetaka gari la wazi la miaka ya 1960 hawezi kuagiza tu. Atalitafuta miongoni mwa yale yaliyokwisha kuwa ndani ya nchi, na mengi ya hayo yamekwisha kuwa masufuria kwa mafundi chuma wa Katwe, Kampala. Lakini spea bado zinakuja, na za Herald zipo Uingereza kwa sababu ndugu zake, Spitfire na Vitesse, wanashirikiana nalo vitu vingi. Mwambie mnunuzi hivyo. Hofu yake kubwa itakuwa kwamba analichukua gari lisilomalizika.

Sasa fedha gani ya kutumia kabla ya kuuza. Kidogo, na mahali pawili tu. Kwanza liwake. Injini iliyochongwa ambayo haiwaki ni maneno. Iliyowaka ikatulia ni injini. Nunua betri, vuta waya za muda za moto na stata, badilisha petroli iliyolala kwenye tangi. Uliza ile karakana ya Kampala kama walipochonga silinda hedi waliweka viti vigumu vya valvu. Injini hizi zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, iliyolinda viti laini vya kiwandani na ambayo huku kwetu iliondolewa ifikapo mwanzoni mwa 2006, na jibu la “ndiyo” ni la kuandika kwenye tangazo. Pili, breki. Weka raba mpya kwenye silinda za breki, lisogee hatua ishirini uani na lisimame. Sisemi litoke barabarani, lisitoke. Lakini gari linalosimama lenyewe na gari la kusukumwa ni bei mbili tofauti.

Paa usilishone. Turubai fundi yeyote mzuri wa viti atashona. Kisichopatikana ni mbavu zake. Zitoe, zipake mafuta kwenye viungo, zisimamishe juu ya gari bila kitambaa, uzipige picha zikiwa zimefunguka na zikiwa zimelala. Ubavu mmoja ukikosekana sema.

Halafu yale masanduku. Najua yapo, kila anayefufua gari ana masanduku chini ya kitanda. Tandika mkeka mkubwa, mwaga kila kitu, panga: taa, vitasa, vioo, bampa, skrubu za mlango huu na za mlango ule. Mwite kijana wako aandike vibandiko, gari hili linamsomesha yeye. Kisha mrudishe kila kitu kwenye masanduku yenye namba na orodha. Nimeona mnunuzi akikataa gari zuri kwa sababu vitasa vya madirisha vilikuwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na misumari ya nyumba. Hakukosea. Alijua atatafuta kitu kimoja kwa mwaka mzima.

Bei. Mtu aliyeona picha tu, bila kuona mwanya wa milango, kibati cha CV wala injini ikiwaka, ametoa milioni 9. Hiyo ni sakafu yako. Tangaza 15, na chini ya 11 usikubali siku hiyo hiyo, lala nayo kwanza. Wa harusi mrudie karatasi zikiwa tayari. Ana sababu ya kulitaka, kila bibi harusi anataka kusimama kwenye gari la wazi apigwe picha. Wengine wa kuwaona ni wenye hoteli za kando ya Nile hapo hapo Jinja, na wakusanyaji wa Kampala. Klabu ya Uingereza ya magari haya, Triumph Sports Six Club, ipo tangu 1977 na ina wanachama nje pia. Tangazo huko halitakuharibia kitu.

Mkataba uandikwe na wakili, namba ya chesisi na ya injini ziwemo, orodha ya masanduku iambatishwe, na neno hili lisikosekane: gari linauzwa halijakamilika na haliruhusiwi kuendeshwa barabarani mpaka likaguliwe. Mwenyekiti wa LC1 ashuhudie. Andikeni nani analipa ada za kuhamisha umiliki. Kabla ya yote hayo peleka kitabu ofisi ya usajili wa magari uulize kama namba ya baba bado ipo kwenye kumbukumbu zao za sasa; kitabu cha zamani kinaweza kuwa halali na bado kompyuta isikijue, na hilo ulijue wewe kabla ya mnunuzi.

Leo jioni, kabla ya wakili na kabla ya ndugu, kaa na mama. Usimwulize tu kama anakubali liuzwe. Mwulize kama kuna kitu anataka kibaki nyumbani. Huenda ni usukani, huenda ni kile kibao cha mbao cha dashibodi, huenda hakuna. Chochote atakachotaja, kiondoe kwenye orodha sasa, mnunuzi aambiwe mapema.

Na rota ya distribyuta itoe gari likishamaliza kuonyeshwa, uirudishe kwenye kopo la baba. Noti za mkononi usipokee, wala picha ya muamala kwenye simu usiiamini. Mnunuzi akisema ameweka benki, nenda benki wewe na mama, mwone salio kwa macho yenu, ndipo mrudi nyumbani mumpe rota yake.